Musumeno wa Moteur na Vidole ya Udaga

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, juu kama siusemi mimi, iko watu mu atelier, karakana yetu, watausema na chumvi nyingi. Siku moja niliacha musumeno wa moteur, ule wa kukata chuma, na interrupteur iko juu, ni kusema imewashwa, nikaenda nyumbani, nikalala.

Sikupanga kulala. Courant, umeme wa muji, ilikuwa imeenda katikati ya kazi, lame ya meno iko ndani ya chuma, nusu ya njia. Nyumba yangu iko ngambo ya barabara, hapa Mudzipela. Nikawaza: acha ninywe chai, courant ikirudi na mimi nitakuwa nimerudi. Munajua vile tunafanya kila nyumba ya Bunia: courant ikienda, unaacha ampoule, taa ya nyumba, vile ilikuwa, ili siku ikirudi ijionyeshe yenyewe. Basi niliacha musumeno sawa vile tunaachaka ampoule. Chai ilikuwa moto, kiti kilikuwa na ule mutego wake, na usingizi haukuniomba ruhusa.

Niliamshwa na kelele ya quartier, mutaa wetu muzima. Wamama, watoto, wenye kunyoa nywele, kila mutu kwa mulango yake, na makofi: "Courant! Courant!" Na mimi ndani ya kiti, macho ingali imefungwa, nikapiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi muzuri kabisa, nikatabasamu, nikaanza kutafutia kichwa yangu nafasi ingine. Ni kisha tu nilikumbuka.

Nilivuka barabara na kamambili moja, ndala ya plastiki, muguu mwingine mutupu. Mashini ilikuwa inatembea yenyewe kwa utulivu, mbele, nyuma, sawa mutu mwenye hana deni. Ilikuwa imemaliza chuma yangu, kipande kimeanguka mu karai ya mafuta, na kile kizuizi chenye kinapaswa kuizimisha kwa mwisho kilikuwa kimekufa zamani. Basi ilikuwa inaendelea kukata meza yake yenyewe. Muzee Kisembo, mukubwa wetu wa atelier, alifika mbele yangu kidogo tu. Akaizimisha. Akaangalia meza, kisha akaangalia muguu yangu yenye haina kamambili. Aliniuliza swali moja tu:

"Na weye ulipiga makofi?"

Sasa nimepumzika kazi, na nyinyi vijana wa atelier munasema niandike. Juu ya vyeo na mushahara sitasema kitu. Ni habari fupi, itaharibu karatasi. Nitasema juu ya ile mashini, juu ya Muzee Kisembo, na juu ya Udaga na vidole yake. Wengi wenu munamujua Udaga tangu ulimi yake imekuwa mupole. Mimi nilimujua mbele.

Kwanza mujue mimi ni mutu wa nyumba. Nilipopata diplome, wenzangu wa darasa walienda Kisangani, wengine Kampala, mumoja alifika hata Kinshasa, na tangu pale hajajibu salamu. Mimi nilienda ngambo ya barabara. Niliona atelier kutoka kwa dirisha yetu, nikaona mulango yake iko wazi, nikavuka. Mama yangu alifurahi. Aliambia majirani: "Huyu akipata kazi hata Shari tu, hapa karibu, itabidi tumutumie godoro."

Siku ya kwanza Muzee Kisembo hakuniacha niguse kitu. Alinikalisha mbele ya musumeno, juu ya ndoo yenye imegeuzwa, akaweka chuma moja mu étau, ile koleo yenye inabana chuma, akawasha, akasema:

"Sikiliza. Kisha utaniambia inakata wakati gani."

Nilisikiliza asubuhi muzima. Mukono wa mashini ulienda, ukarudi, ukaenda, ukarudi. Alipokuja kuniuliza, nilijibu na sauti ya mutu wa diplome: "Inakata wakati wote, Muzee."

"Hata mbuzi haitafunake wakati wote. Ongeza kusikiliza."

Saa ya mangaribi nikasikia. Ikienda ilikuwa inapita mwepesi, inajiinua kidogo, sauti ya hewa. Ikirudi upande wa moteur, ilikuwa inashuka na kuuma, sauti nene. Ilikuwa inakata ikivuta. Basi meno ya lame inapaswa kuangalia moteur. Mukiweka lame kinyume, mashini haitagomba, itapapasa tu chuma siku nzima, na nyinyi mutasema lame za siku hizi ni mbaya. Kuko mashini zingine zinakata zikisukuma. Usiulize mutu, kaa chini usikilize.

Vile njo nilifundishwa, na masikio mbele ya mikono. Ukikaza lame mu fremu yake, uigonge na ufunguo: ikijibu sauti ya kufa, ongeza kukaza, ikijibu wazi, acha. Kisha kukata mara mbili tatu, simamisha, ukaze tena, juu lame mupya inajinyoosha sawa mutu mwenye ameamka. Meno kubwa ni ya chuma nene, meno ndogo ni ya tube na vitu nyembamba. Muzee alitaka meno tatu zikae juu ya chuma kila wakati, hata pahali pembamba. Tube nyembamba na meno kubwa, alisema, ni kama kupanda ngazi yenye imekosa vibao: muguu unaingia, na kitu kinavunjika.

Na kulikuwa maziwa. Ni mafuta yenye tunachanga na maji, inakuwa nyeupe kabisa, inamwangika polepole juu ya lame ili isichomeke. Muzee Kisembo alitoka kwa familia ya ngombe, na alikuwa anaichanga kwa heshima, mukono moja unamwanga, mwingine unazungusha, bila kupoteza hata tone. Lakini ukikata fonte, ile chuma ya kumiminwa, unakata kavu. "Fonte hainywake maziwa," alikuwa anasema, na uso wa mutu mwenye anasikitikia fonte.

Niwaambie ukweli: nilipenda ile mashini juu iko polepole. Meule, ile jiwe ya moteur ya kunolea, inapiga kelele, inatupa moto, inataka macho yako yote. Musumeno wa moteur, ukishafunga chuma sawasawa, ukishaweka gogo chini ya upande mrefu ili usilemee, ukishashusha mukono wake pole bila kuuangusha, unakuachia dakika zako. Unasimama pembeni, mikono ya shati imefungwa, haugusi kitu. Na ile sauti inakubeba. Nimefika ziwani mara nyingi nikiwa nimesimama pale. Naona maji ya Kasenyi ikiwa ya chuma asubuhi, naona samaki inakauka juu ya majani, naona mama mukubwa ananiita na jina yenye hakuna mutu anaitumia tena. Kisha kipande kinaanguka mu karai, *tung*, na niko Mudzipela, viatu kavu. Watu wa darasa yangu walilipa ndege. Mimi nilisafiri zaidi yao na nikakula kila siku kwangu.

Lakini ndoto iko na mahali yake. Mashini ikitembea, macho inabaki kwa mashini hata kama roho iko ziwani. Na ile siku ya kamambili ilimufundisha Muzee kitu juu yangu na juu ya watu wote wa muji huu. Kesho yake alitunga sheria. Kila mashini iko na kasanduku yake ku ukuta, na ndani fusible, kile kipande chenye bila yeye courant haipite, ya porcelaine, nyeupe, sawa jino ya punda. Courant ikienda, mutu wa musumeno anashusha interrupteur, anainua lame kutoka kwa chuma, anatoa fusible, anaiweka mu mufuko ya shati yake. Hairudishi mupaka yeye mwenyewe, na macho yake mwenyewe, ameona kama interrupteur iko chini na mikono ya kila mutu iko inje.

"Na mutu mwingine akitaka kuirudisha?" niliuliza.

"Iko mu mufuko yako. Atapitia wapi?"

Muzee alitembea na ile fusible kila mahali. Siku moja ilianguka mu kikapo ya sadaka, misa ya pili. Katekista aliileta Jumatatu, amefunga na kitambaa safi, akisema padri anashukuru lakini hajajua ya nini.

Miaka mibaya ya vita ilikuja, tukafunga mulango, tukapaka mashini grasi isipate kutu, tukangoja. Tulipofungua, Muzee alikuwa amechoka. Alipumzika kwake, kisha akatuacha kabisa. Fusible ikabaki mu mufuko yangu.

Ile wakati njo Udaga alikuja. Kijana wa upande wa Mahagi, soudeur, mikono yake ilifika kwa kazi mbele ya mwili. Siku za kazi alichomelea milango na vitanda. Siku ya mungu alipiga adungu kanisani, ile kinubi ya kwao. Sijue kuandika muziki. Nitasema tu kama vidole yake ilikuwa inatembea juu ya nyuzi na wamama walikuwa wanaacha kutafuta makosa ya mavazi ya wenzao. Mimi, mwenye nawaza chakula tangu somo ya kwanza, nilikuwa nasahau kama niko na njaa. Quartier yote ilijua ile vidole. Mwenyewe tu njo hakuzijua. Aliingiza mikono kila mahali.

"Ya Bahati," alikuwa ananiambia, juu Bahati njo jina yangu na "Ya" ni kaka mukubwa, "weye unatembeza fusible sawa kuku inatembeza yai. Itaangua lini?"

"Siku utajifunza kungoja."

"Basi itaoza."

Wengine walicheka. Na mimi nilicheka, juu ilikuwa ya kuchekesha. Lakini kila saa niliona vidole yake karibu na lame, niliacha kucheka. Nilimwambia: usitoe vumbi ya chuma na mukono, iko burashi. Usipime chuma na mashini inatembea. Alisema "oui, oui, Ya Bahati", na oui mbili mu Bunia haifikie ndiyo moja.

Sasa siku yenyewe. Mama Asimwe, jirani yangu mwenye moulin, mashini ya kusaga unga, alikuwa amevunjikiwa arbre, ile chuma ya mviringo inayozungusha moulin. Wamama wa barabara yetu walibeba mihogo na mahindi mupaka Shari, na walirudi wamekasirikia kila mutu. Chuma ya kufaa ilikuwa moja tu: demi-arbre, ekseli ya camion ya zamani, ililetwa kutoka Irumu juu ya pikipiki. Ilikuwa chuma ngumu. Niliweka mashini kwa mwendo mudogo, maziwa mingi, nikaanza. Mama Asimwe mwenyewe alikaa kwa mulango ya atelier, juu ya jante, rimu ya gari, anatuchunga.

"Papa Neema," aliniita na jina ya mutoto wangu, "haiko inalala hii mashini?"

"Inakata, Mama."

"Naona inabembeleza."

Tulifika nusu ya chuma na courant ikaenda. Nilifanya vile Muzee alinifundisha: interrupteur chini, lame juu, fusible mu mufuko. Ilikuwa saa ya chakula. Bibi yangu, mama ya Neema, alikuwa amepika samaki ya ziwa na sombe, na harufu ilikuwa imevuka barabara kunitafuta. Sikuaga mutu. Nilivuka.

Yenye inafuata, niliisikia kwa Udaga. Alikaribia mashini, akaona lame imepoteza meno kadhaa. Akawaza: acha nibadilishe lame, Ya Bahati akirudi atakuta kazi iko tayari, na huyu mama ataacha kutuangalia. Lakini kwanza alisukuma interrupteur juu, kuona kama courant imerudi. Haikukuwa imerudi. Akaiacha pale pale juu, sawa ampoule. Hata haikukuwa ujinga wake peke yake. Ni ujinga ya muji muzima, na mimi njo niliutangulia.

Alitoa lame ya zamani. Akaingiza mupya. Mukono wa kushoto ulishika lame ndani ya fremu, ule wa kuume ulizungusha ufunguo wa kukaza. Vidole yote kumi ndani ya kinywa.

Ni pale alisikia kelele. Courant haifikake kwetu kimya. Kelele inaanzia mbali, inapanda, nyumba kwa nyumba: "Courant! Courant!" Alisikia, akaelewa, akaambia mikono yake itoke. Mikono ikakataa. Alisema ilikuwa sawa ndoto yenye unataka kukimbia na miguu ni ya mutu mwingine. Ampoule juu ya kichwa yake ikawaka. Poste à souder yake, mashini ya kuchomelea, kule pembeni, ikaanza kunguruma. Aliangalia interrupteur: juu. Aliangalia mikono: ndani. Na mashini ilikuwa imenyamaza.

Mimi, ile saa, nilikuwa na bugali mu mukono, natafuta pahali samaki haina miiba. Nilisikia kelele ya quartier na nikawaza tu kama nimalize mbele ya kurudi. Kisha nikasikia sauti ya Mama Asimwe ikiingia lupango, uwanja wa nyumba yangu, mbele yake mwenyewe.

"Papa Neema! Courant iko! Ampoule inawaka, mashini ya moto inawaka, na ule musumeno umelala! Iko wapi ile kitu yako?"

Niligusa mufuko. Ilikuwa pale, na joto ya kifua yangu.

"Pardon, Mama. Nakuja sasa hivi."

"Hapana." Ilikuwa Udaga, nyuma yake. "Usitoke, Ya Bahati. Kula kwanza."

Mama Asimwe aligeuka. "Kula? Watu wanapeleka mihogo Shari na weye unasema kula?"

"Mama, acha akule."

Ni hapa nilimuangalia. Ule kijana hajapata kuambia mutu akule kwanza. Alikaa chini kwa ngazi ya mulango yangu, akafungua mikono juu ya magoti, akaiangalia vile mama anaangalia vifaranga mangaribi, kama wote wameingia.

"Interrupteur ilikuwa juu," alisema. "Mimi njo niliipandisha. Na mikono ilikuwa ndani."

"Mukono gani?"

"Yote mbili."

Nilirudisha samaki mu sahani. Bibi yangu, mwenye hakujua tunasema nini lakini aliona sura, alileta maji. Udaga alinawa polepole, kidole kwa kidole, kisha akaingiza mukono mu sahani yangu na akakula nami. Mama Asimwe alisimama, akashika kiuno, akangoja tupate haya. Hatukupata.

"Kama ni kula," akasema mwishoni, "basi sogeeni." Akakaa, akachukua kichwa ya samaki, yenye nilikuwa nimejiwekea.

Tulirudi watatu. Udaga mwenyewe alishusha interrupteur. Alisimama na mikono nyuma, sawa mutoto wa shule, mupaka nikamaliza kuangalia kila kitu. Kisha nilifungua étau na nikageuza chuma.

"Munaanza upya!" Mama Asimwe alilia.

"Hatuanze upya, Mama. Tunakuja na upande wa pili, tutakutana katikati." Na nyinyi mukumbuke hii: lame mupya haiingie mu njia ya lame ya zamani. Ya zamani ilikuwa imekwisha, njia yake ni nyembamba; mupya inakwama, inavunjika. Geuza chuma, anza na upande ingine, shusha pole.

Niliweka fusible. Musumeno ukaanza wimbo yake. Sikufika ziwani ile siku. Nilitembea karibu tu: niliona ndani ya kanisa, nyuzi za adungu, na mikono miwili inashuka juu yake sawa ndege wawili wanatafuta pa kulala. Kila mara mukono wa mashini uliporudi kuuma chuma, niliuona mukono mwingine, na nilifungua macho. Udaga alisimama kando yangu mupaka kipande kikaanguka. Juma ile ile moulin ya Mama Asimwe ilisaga, na barabara yetu ikasameheana.

Siku ya mungu Udaga alipiga adungu. Sitaongeza neno pale.

Hatukuambia mutu. Ungeambia nini? Mutu akikatika, quartier yote inakuja, wanaleta machela, wanaleta maombi, jina lako linajulikana mupaka sokoni. Damu yenye haikumwangika haina hata mushuhuda. Watu wote wa atelier waliona kitu moja tu: Bahati ameenda kula na fusible, na mama wa watu anangoja. Nilichekwa juma nzima. Udaga peke yake hakucheka. Kisha ya miezi aliniuliza kama, siku nikipumzika, fusible itakuwa mu mufuko ya nani. Leo munajua iko mu mufuko ya nani, na munajua juu ya nini hacheki mukimuita kuku.

Juma iliyopita, nikiwa naanza kuandika hii, niliona Mama Asimwe ngambo ya lupango, anapepeta mahindi. Nikawaza yeye alikuwako, alikula hata kichwa ya samaki, iko na haki ya kujua. Nikamuhadisia yote, kutoka interrupteur mupaka vidole. Aliweka lungo chini. Alisikiliza hadi mwisho, bila kunikata, kitu yenye hajapata kufanya tangu tumekuwa majirani. Nikangoja, nikajua sasa angalau mutu mumoja atasema asante.

Alinitazama kutoka kichwa mupaka miguu, akachukua lungo yake, akasema:

"Papa Neema, miaka yote ile ya kazi, na siku yako ya muzuri kupita zote ni ile haukukuwa kazini."